Kisahani cha risasi: namna ya kupima ukungu katika picha za radio

Wengi wenu mmepata kurudi kutoka hospitali mkichukua bahasha kubwa, na ndani yake ile picha nyeusi inayoitwa radio. (Hatusemi juu ya ile radio inayoimba mezani, twasema juu ya picha ya mifupa na mapafu, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita eksirei.) Mkifika nyumbani jamaa wote hukusanyika. Baba huishika picha mbele ya dirisha, hutazama mbavu, huzihesabu, kisha husema: "Mimi sioni kitu." Mama naye hutazama, haoni kitu. Watoto huona mifupa, hucheka.

Baba asipoona kitu hakuna hasara, maana si kazi yake. Lakini mara nyingine mganga mwenyewe, aliyesoma miaka mingi, huitazama picha asione kitu, na kumbe kitu kipo. Wala si kwa sababu ya uvivu au ujinga. Ugonjwa umefunikwa na ukungu, na ukungu huo pengine haukutoka katika mwili wa mgonjwa, bali katika mashine iliyompiga picha. Mgonjwa huambiwa, "Huna neno, nenda nyumbani," naye huenda nyumbani na ugonjwa wake.

Habari ya leo ni ya ukungu huo: watoka wapi, na hasa hupimwa namna gani. Ni kazi ya mafundi, lakini njia yao ni nyepesi, hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuielewa kwa hesabu za kujumlisha na kugawanya.

Picha iliyofanywa na vivuli

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Wilhelm Conrad Röntgen, alikuwa akijaribu umeme katika chumba cha giza. Chupa yake ya umeme aliifunika kabisa kwa karatasi nyeusi, isitoke nuru hata kidogo. Hata hivyo kipande cha karatasi kilichopakwa dawa, kilichowekwa mbali kidogo, kikaanza kung'aa. Basi kulikuwa na kitu kilichotoka katika chupa, kikapenya karatasi nyeusi, wala macho hayakukiona. Kwa kuwa hakukijua, alikiita mionzi ya X, kama vile wenye hesabu wanavyoiita X namba wasiyoijua bado. Tarehe 22 Desemba mwaka uleule aliuweka mkono wa mkewe Bertha juu ya bamba la kupigia picha, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, iliyokuwa ya kwanza kutolewa. Wala hakutaka kujiandikia haki ya kuuza uvumbuzi wake. Aliwaachia watu wote.

Mionzi hiyo hupita kwa urahisi katika hewa na mapafu, hupita kwa shida kidogo katika nyama, na kwa shida zaidi katika mfupa. Risasi, ile madini nzito na laini ya rangi ya kijivu, huizuia karibu yote, hata ikiwa na unene wa milimetri chache tu. Picha ya radio basi ni picha ya vivuli. Filamu ikiwekwa nyuma ya mgonjwa hugeuka nyeusi mahali mionzi ilipofika kwa wingi, hubaki nyeupe mahali ilipozuiwa.

Lolote mganga aonalo, aliona kwa sababu mahali pamoja pamepata mionzi mingi kuliko mahali pa jirani. Tofauti hiyo ya weusi na weupe mafundi huiita kontrasti. Ikipotea, picha yaweza kuwa safi na ya kupendeza, lakini haisemi kitu.

Hesabu kwa wanafunzi

Twaeni kalamu. Tuseme mahali penye nyama tupu mionzi 100 imepita na kufika kwenye filamu. Mahali pa jirani, penye uvimbe, imefika 80. Tofauti ni 20 katika 100, yaani sehemu moja ya tano. Jicho laiona mara moja.

Sasa mwageni ukungu juu ya picha nzima, ukungu wa 300, sawasawa pande zote. Penye nyama patakuwa na 400, penye uvimbe 380. Mtasema, "Tofauti ni ileile 20." Kweli, lakini ni 20 katika 400, yaani sehemu moja ya ishirini. Kilichokuwa dhahiri sasa chahitaji kutazamwa sana. Na kile kilichokuwa kidogo tangu mwanzo, tuseme doa lenye tofauti ya 4 katika 100, limebaki na 1 katika 100. Jicho la mtu, hata katika nuru nzuri, hufikia mwisho wa uwezo wake kwenye tofauti ya 1 au 2 katika 100. Doa hilo limekwisha. Hakuna aliyelifuta, lipo mahali pake, lakini haliwezi kuonekana tena.

Mshumaa hutufundisha jambo hilohilo. Uwasheni usiku juu ya kilima, mtu wa kijiji cha ng'ambo atauona. Uwasheni saa sita mchana, hata aliye karibu ataushuku. Mshumaa haukupungukiwa na nuru. Jua limeongeza yake.

Nami sikuichukua namba 300 ili kuwatisha. Mionzi inapopita katika tumbo la mtu mnene, sehemu kubwa yake haiendi njia iliyonyoka: hugonga, hupotoka, hutawanyika pande zote kama maji yanayopiga jiwe. Ile iliyopotoka hufika kwenye filamu bila kujua ilikotoka, haina habari yoyote ya kutoa, yaleta weusi mtupu. Katika tumbo nene, mionzi iliyopotoka huweza kuwa mingi mara kadhaa kuliko ile iliyonyoka.

Dawa ya kwanza ya ubaya huo iliwekwa na Gustav Bucky wa Ujerumani mwaka 1913. Alitengeneza chujio la vipande vyembamba vya risasi vilivyosimama wima, kikiwekwa kati ya mgonjwa na filamu. Mionzi inayokuja moja kwa moja hupita katikati ya vipande. Inayokuja upande hugonga risasi na kufa hapo. Lakini vipande hivyo viliandika mistari juu ya picha, mpaka Hollis Potter wa Chicago alipofikiri kulisogeza chujio wakati wa kupiga, mistari ikapotea. Mpaka leo, mkilala juu ya meza ya radio, chini yenu mna chujio la namna hiyo. Na fundi akikukaza tumbo kwa mkanda mpana, usifikiri kwamba ana ukali: tumbo likipunguzwa unene, mionzi inayopotoka hupungua. Tena akiubana mlango wa mionzi ili iangaze mahali padogo tu penye ugonjwa, afanya mambo mawili mema kwa mara moja: ukungu hupungua, na mwili wako hupokea mionzi kidogo.

Huo ni ukungu wa mwili. Tuje sasa kwenye ule wa mashine, ambao ndio shabaha yetu.

Chupa ya kuzidisha nuru

Zamani, mganga aliyetaka kutazama mwili ukitembea, kwa mfano chakula kikishuka tumboni, alitazama kioo kilichopakwa dawa ya kung'aa. Nuru yake ilikuwa hafifu mno. Ilimpasa kwanza kukaa gizani karibu dakika 20 hata macho yake yazoee, au kutembea hospitalini amevaa miwani myekundu, iliyobuniwa na Wilhelm Trendelenburg mwaka 1916, ili macho yawe tayari kabla ya kuingia chumbani. Na hata hivyo aliona vivuli juu ya vivuli.

Mwaka 1948, John Coltman wa kampuni ya Westinghouse, Marekani, alionyesha chombo kipya: chupa kubwa isiyo na hewa ndani. Mionzi ya X huingia upande mmoja, hugonga dawa ya kung'aa, na nuru ya dawa hiyo hufukuza elektroni. Elektroni hizo husukumwa kwa nguvu ya umeme wa volti kama 25,000 au 30,000, zikikusanywa njiani, hata zigonge kioo kidogo upande wa pili, chenye upana wa santimetri mbili na nusu hivi. Hapo picha hutokea tena, ndogo, lakini yenye kung'aa mara maelfu. Kamera huitazama na kuipeleka kwenye televisheni. Miwani myekundu ikatupwa.

Tangu mwaka 2000 hivi, mabamba ya elektroniki yamekuwa yakichukua nafasi ya chupa hizo. Lakini chupa ni nyingi bado duniani, hasa katika zile mashine zenye mkono uliopindika kama herufi C, ambazo mpasuaji huzitumia kuunga mifupa. Nyingine hununuliwa zikiwa kuukuu, zimekwisha kufanya kazi miaka mingi kwingineko.

Chupa ina ugonjwa wake. Si nuru yote inayokwenda inapopaswa. Mionzi michache hupotoka kwenye mlango wa kuingilia. Ndiyo maana mlango wa kioo nene wa zamani ulibadilishwa kwa bamba jembamba la chuma chepesi. Elektroni chache hupotea njia. Na ubaya mkubwa uko mwisho, katika kioo cha kutokea: nuru hurukaruka ndani ya unene wa kioo, hurudi nyuma, husambaa kila upande. Halafu lenzi na vioo vya kamera vikiwa na vumbi, huongeza ya kwao. Mwisho wake nuru ya mahali peupe humwagika juu ya mahali peusi. Mmekwisha kuona jambo hili mkisafiri katika gari asubuhi, jua likipiga kioo cha mbele chenye vumbi. Barabara ipo, mtu anayevuka yupo, lakini dereva haoni ila weupe.

Ona sasa hasara yake. Mpasuaji anatazama nyonga ya mama mzee aliyeanguka. Mfupa ni mnene, kwa hiyo kwenye kioo ni mweusi: tuseme una nuru 10 tu, na penye ufa pana 12. Kando ya paja kuna hewa tupu, mionzi inapita bila kizuizi, pang'aa vikali. Mashine nzuri ikimwaga nuru 5 juu ya mfupa, mpasuaji ataona 15 na 17. Tofauti iliyokuwa sehemu moja ya tano imekuwa 13 katika 100. Mashine mbovu ikimwaga 10, ataona 20 na 22. Tofauti imekuwa 10 katika 100, nusu imeliwa. Mtaona kwamba ukungu hauwadhuru wote sawa. Mahali penye nuru nyingi ni kama chumvi katika ziwa. Mahali peusi ndipo unapoharibu, na mahali peusi ndipo penye mfupa, msumari wa chuma, na waya mwembamba unaosukumwa ndani ya mshipa wa moyo.

Kipimo chenyewe

Basi, mtu apimaje nuru isiyostahili kuwapo, iliyochanganyika na nuru inayostahili? Nuru haina kabila. Huwezi kuitazama na kusema, hii ni ya kweli na hii ni ya ukungu.

Mafundi walifikiri hivi: tutengeneze mahali ambapo nuru ya kweli haiwezi kufika kabisa. Tukiona nuru hapo, yote ni ya ukungu.

Wakachukua kisahani cha risasi. Upana wake ni wa kipimo maalum: sharti kifunike sehemu moja ya kumi ya uso wa chupa. Uso wa chupa ukiwa na upana wa santimetri 23, kisahani kitakuwa na santimetri 7 na milimetri 3. (Wanafunzi wanaojua eneo la duara na wahakikishe wenyewe.) Kwanza hupima nuru ya katikati ya picha bila kisahani, tuseme ni 100. Kisha hukibandika kisahani katikati ya uso wa chupa, hupima mahali palepale. Kama chupa ingekuwa kamilifu, pangekuwa na giza, sifuri. Kumbe wapata 5. Hiyo 5 ilitoka kando, ikaja kukaa pasipo kwake. Gawanya 100 kwa 5, wapata 20. Basi chupa hiyo ina uwiano wa 20 kwa 1. Ukipata 10 chini ya kisahani, uwiano ni 10 kwa 1, na hiyo si habari njema. Chupa nyingi huwa kati ya 10 na 30. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo giza lilivyo giza kweli. Tume ya kimataifa ya mambo ya umeme iliandika namna ya kufanya kipimo hiki mwaka 1994, ili fundi wa Lubumbashi na fundi wa Tokyo wakisema 20, wawe wamesema neno moja.

Jambo ni jepesi, lakini mitego iko. Wa kwanza ndio unaowanasa wengi. Mashine hizi zina akili ya kujirekebisha: zikiona picha imekuwa nyeusi, huongeza mionzi zenyewe. Ukiweka kisahani, mashine hudhani mgonjwa amenenepa ghafula, huzidisha nguvu, na namba zako mbili hazina tena haki ya kulinganishwa. Sharti kwanza uizuie isijirekebishe. Tena kisahani kiwekwe juu ya uso wa chupa hasa, si karibu na mahali mionzi inapotokea, maana huko kivuli chake kitakuwa kikubwa kuliko kisahani chenyewe, nawe utapima kitu kingine. Chujio liondolewe. Taa za chumba zizimwe, na kipima-nuru kisomwe kwanza mionzi ikiwa imefungwa; nuru yoyote ya wakati huo hutolewa katika hesabu.

Na kipima-nuru chenyewe kina lenzi, lenzi ina vumbi, vumbi lina ukungu wake. Kwa hiyo aliye mwangalifu hukipima kwanza kipimo chake. Anayepima kwenye kioo cha televisheni naye ajue kwamba hakupima chupa peke yake, bali chupa, kamera, televisheni, na kidole cha yule aliyezungusha vifungo jana.

Kwa nini macho hayatoshi

Mtu aweza kuuliza: waganga na mafundi hutazama picha hizo kila siku, je, wasingeona wenyewe kwamba zimeharibika?

Hapana. Nami naona hili ndilo jambo kuu la habari yote. Mashine haizeeki kwa siku moja. Hupoteza kidogo mwezi huu, kidogo mwezi ujao, na jicho la anayeitazama kila siku huzeeka pamoja nayo. Huzoea. Kama vile mzazi asivyoona mtoto wake akikua, hata mjomba aje kutoka safari ndefu aseme: "Lo, huyu amekuwa mtu mzima!" Mganga mgeni akifika katika hospitali, pengine hushangaa siku ya kwanza kwa ubaya wa picha, akikaa mwaka mmoja, huacha kushangaa. Picha hazikupona. Ni yeye aliyezoea.

Tena mashine husaidia kudanganya. Chupa inapozeeka nuru yake hupungua, na ile akili ya kujirekebisha huongeza mionzi ili picha ibaki na mwangaza uleule. Picha yang'aa kama zamani, kila mtu ametulia, kumbe mgonjwa anapokea mionzi mingi kuliko mgonjwa wa miaka mitano iliyopita, na tofauti ya weusi na weupe imekwisha kupungua. Mwangaza si kontrasti. Chumba chenye taa kali na moshi mwingi kina mwangaza pia.

Kwa sababu hiyo namba huandikwa katika daftari, pamoja na tarehe, nguvu ya umeme iliyotumika, na jina la aliyepima. Siku ya kwanza mashine ilipofungwa, 22. Mwaka wa pili, 21. Mwaka wa nne, 17. Namba moja peke yake haisemi mengi. Mfululizo wake ndio unaosema. Namba ikianza kushuka, fundi huanza na kilicho rahisi: husafisha lenzi na vioo, hupima tena. Ikipanda, ashukuru. Isipopanda, chupa yenyewe imechoka, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Hapo wakuu wa hospitali watataka kujua kwa nini, na daftari ndilo litakalojibu. "Naona kama picha ni mbaya" ni neno dhaifu mbele ya mtunza fedha.

Sarafu katika chumba cha giza

Msidhani kwamba kipimo cha namna hii ni cha mashine za fedha nyingi tu. Mahali pengine picha hupigwa bado kwenye filamu, na filamu husafishwa katika chumba cha giza chenye taa ndogo nyekundu. Taa hiyo ikiwa na ufa katika kioo chake, au mlango ukipitisha nuru chini, filamu hupata ukungu kabla ya kusafishwa, nao utafanana kabisa na ukungu wa kupiga picha vibaya. Fundi atalaumiwa bure.

Kipimo chake ni sarafu. Filamu hupigwa mionzi kidogo kwanza, kwa maana filamu iliyokwisha kuguswa na mionzi huwa nyepesi zaidi kuharibika. Kisha huwekwa mezani chini ya taa ileile, sarafu juu yake, ikaachwa muda kama ule wa kazi ya kawaida, dakika chache. Halafu husafishwa. Duara la sarafu likionekana, taa ni mbaya. Mwaona kwamba ni kisahani cha risasi tena, kwa umbo jingine: funika mahali, kisha uulize kilichobadilika pale pasipofunikwa.

Wengine hutumia ngazi ndogo ya aluminiamu, yenye vipandio vya unene mbalimbali. Huipiga picha kila mara kwa nguvu ileile ya umeme, na kuiweka picha ya leo kando ya picha ya siku ya kwanza, iliyotunzwa katika bahasha. Vipandio vilivyokuwa mbalimbali vikianza kufanana rangi, kontrasti imepungua: labda dawa ya kusafishia imechoka, labda filamu zimekaa stoo katika joto, labda volti si zile zinazoandikwa kwenye mashine. Volti zikizidi, mionzi huwa na nguvu mno, hupita katika mfupa na nyama karibu sawasawa. Lakini hapa nisimdanganye msomaji: tofauti nyingi si njema daima. Kwa picha ya kifua mafundi wengi hutumia kwa makusudi umeme wa volti 120,000 hivi, ili mbavu zisiwe nyeupe mno na kuficha mapafu yaliyo nyuma yake. Tofauti hiyo wameipunguza wenyewe, kwa kipimo, wakijua. Hasara tunayoisema ni ile inayokuja bila kuitwa.

Na mashine mpya zenye kompyuta? Watu husema ukungu si kitu tena, maana kompyuta huweza kuutoa na kuivuta tofauti iwe kubwa upya. Kweli huivuta. Lakini kila picha ya mionzi ina chembechembe kama mchanga, kwa kuwa mionzi huanguka kama matone ya mvua, hapa mengi, pale machache. Ukiivuta tofauti, wauvuta na mchanga pamoja nayo. Albert Rose, mtaalamu wa Marekani, alionyesha mwaka 1948 kwamba kitu hutambulikana kwa hakika kinapozidi mchanga huo mara tano hivi. Mionzi ya ukungu huleta mchanga wake, na kompyuta ikiufuta ukungu, mchanga hubaki. Kwa hiyo mashine hizi nazo hupimwa. Huko Nijmegen, Uholanzi, walitengeneza bamba lenye vyumba 225, vyenye vishimo vya upana kuanzia milimetri 8 hata sehemu tatu za kumi za milimetri moja, vingine vya kina kirefu na vingine vifupi mno. Bamba hupigwa picha, na mtazamaji huulizwa: katika chumba hiki, kishimo kiko pembe ipi? Hawezi kujibu kwa kubahatisha siku nzima.

Mambo haya yatugusa sisi hasa. Shirika la Afya la Ulimwengu laihesabu Kongo miongoni mwa nchi 30 zinazoelemewa zaidi na kifua kikuu, ugonjwa unaoua watu zaidi ya milioni moja duniani kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilikubali kwamba picha za kifua za watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi zaweza kusomwa na kompyuta, pale wasomaji walipo wachache. Lakini kompyuta nayo husoma kilichomo katika picha. Doa lililozama katika ukungu halitaonekana kwake vilevile.

Limebaki jambo moja dogo, ambalo huharibu kazi yote njema iliyotangulia. Picha ya filamu hutundikwa mbele ya sanduku lenye taa. Sanduku likiwa kubwa kuliko picha, nuru ya pembeni hupiga macho ya mganga moja kwa moja. Taa ya dari nayo hurudi kutoka usoni mwa filamu kama jua juu ya maji. Huo nao ni ukungu, wa mwisho katika safari, na wakati huu uko ndani ya jicho lenyewe. Kuuondoa hakuhitaji fundi kutoka mbali. Huzimwa taa ya dari, hufungwa pazia la dirisha, na sehemu ya sanduku isiyo na picha hufunikwa kwa karatasi nyeusi nzito, iliyokatwa tundu lenye kipimo cha filamu.